Kasuku Weusi

Kasuku sita weusi wenye mikia ya manjano walishuka kutoka mlimani, wakapita juu ya paa la bati kwa makelele ya kupasua masikio. Glenys aliinua kichwa. Mumewe, aliyeketi naye barazani, aliendelea kumenya tufaha.

Glenys akashangaa. Miaka arobaini pale Tasmania, kila majani yakianza kupukutika, walikaa hapo kuwatazama ndege. Yeye huwaona kwanza, lakini mumewe huwatambua kwa sauti tu, hata akiwa amefumba macho.

"Mzee, vipi? Leo umetia pamba masikioni?"

Ganda la tufaha lilizidi kurefuka, jembamba, jekundu, bila kukatika, likaning'inia mpaka karibu na kiatu.

Hapo ndipo Glenys alipoelewa kwa nini tangu Krismasi mumewe humkodolea macho midomoni anapozungumza, na kwa nini hamtaji ndege yeyote mpaka aonyeshwe kwa kidole.

Angeweza kunyamaza, amsitiri. Badala yake akamgusa goti, akaelekeza kidole juu.

Kasuku wawili walikuwa wametua kwenye msonobari, midomo wazi, vifua vikitetemeka. Mzee akawatazama kwa muda mrefu.

"Wanalia?" akauliza.

Glenys akaitikia kwa kichwa.

Kisu kikasimama. "Sana?"

Glenys akageuza kiti chake, wakaelekeana.

"Sana, mume wangu," akasema polepole. "Kama lile geti la kondoo ulilogoma kulitia mafuta."