Majaribio ya Jumatano

"Wakikuuliza jina, taja jina," Ruggero alimnong'oneza Nerina. "La baba yako waache walitafute wenyewe."

Nerina Falchi alikuwa fundi mkuu wa matairi wa timu ya Valbruna, na Ruggero ndiye bosi wake. Walikuwa Paris, mbele ya majaji wa mashindano ya magari, kwa kosa ambalo dunia nzima ilishalisoma magazetini. Msimu ukishaanza, ni marufuku timu kujaribu matairi kwa siri kwa gari la mwaka huohuo. Valbruna walijaribu. Walikodi uwanja mzima huko milimani, wakafunga mageti, wakawavika madereva kofia nyeusi zisizo na majina.

Magazeti yalisema wamejichotea kasi. Laiti ingekuwa kasi! Nerina aliona kwa macho yake tairi la nyuma likipasuka katikati ya kona, gari likabiringika kama kopo lililopigwa teke. Dereva alitoka mzima, anatetemeka. Wakafunga jingine. Nalo likapasuka. Ruggero akawaapisha wote wafunge midomo, maana kusema matairi ni mabovu ni kukiri kwamba waliyaendesha.

Aliyewashtaki ni Aldous Penhale, bosi wa timu ya Kiingereza ya Thornleigh. Alisimama, uso mkavu.

"Hatuombi wafungiwe," alisema. "Hatuombi faini. Tunaomba usawa. Nasi tupewe siku yetu, kwa matairi yaleyale, kwenye uwanja wetu."

"Mkaguzi wetu atakuwepo," alisema jaji mkuu, mama mwenye miwani minene.

"Wenzetu walikuwa na mkaguzi, mheshimiwa?"

Jaji aliandika kitu kwenye karatasi. "Nani ataendesha?"

"Jory Tregear."

"Mbona simwoni hapa?"

"Hajisikii vizuri. Homa tu."

Nerina alimfahamu Jory vizuri. Kila walipokutana viwanjani, kijana huyo hakukosa neno: "Shangazi, nigawie tairi moja bovu, mama apandie maua!" Na Nerina humjibu, "Ondoka hapa, mdokozi wewe!" Kisha wote wawili hucheka.

"Bi Falchi," jaji alimgeukia. "Katika majaribio yenu, palitokea jambo lolote la hatari?"

Ruggero alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Hapana, mheshimiwa."

Sauti yake mwenyewe ilimtisha.

Alasiri majaji walirudi na uamuzi. Valbruna walipewa karipio. Thornleigh walipewa siku yao, Jumatano ijayo, bila mkaguzi wala mtazamaji, ili wasawazishwe na wenzao kwa kila hali. Mawakili wa Thornleigh walipeana mikono. Penhale hakutabasamu. Alifumba macho tu, akashusha pumzi ndefu.

"Tumepona, binti yangu," Ruggero alisema akikusanya makaratasi. "Walitaka matairi, wamepata matairi."

"Watamuua yule kijana."

"Si kijana wetu."

"Ruggero!"

"Ukifungua mdomo, timu itafungiwa, na mafundi wote nyumbani wanakosa kazi. Na wewe umeshadanganya mbele ya majaji. Unataka jela? Twende tukale."

Nerina hakwenda kula. Alibaki kwenye kiti mpaka ukumbi ukawa mtupu, akiusikia ule uongo wake ukimzunguka masikioni kama nzi. Kisha aliinuka, akateremka ngazi mbio, karibu ajikwae. Alimkuta Penhale peke yake uani, kando ya gari lake, mvua nyepesi ikimlowesha mabega.

"Bwana Penhale. Nisikilize, halafu nishtaki ukitaka." Alikuwa anahema. "Yale matairi yanapasuka. La nyuma, kwenye kona ya kasi. Kwetu yalipasuka mara mbili, nikawadanganya majaji. Nakuomba, Jory asipande gari Jumatano."

Alingoja tusi, au kicheko, au aambiwe kwamba Valbruna wameanza hila nyingine. Penhale alimtazama tu, na machoni mwake hamkuwa na mshangao hata chembe.

"Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana. Wewe tu."

"Vizuri. Basi tusiharibiane." Alifungua mlango wa gari, akaegemea juu yake kama mtu aliyechoka sana. "Jory hatapanda gari Jumatano, dada yangu. Tulimchomoa kwenye vyuma wiki tatu zilizopita, tulipoyajaribu matairi hayohayo kwa siri kama nyinyi, na hajafumbua macho hadi leo. Kilichokuwa kimebaki ni siku ya halali ya kupata hiyo ajali."