Yowe la Mara ya Pili

Ukumbi mzima ulikuwa unacheka, na filamu yenyewe ilikuwa ya kutisha.

Kwenye pazia, mzimu aitwaye Mpangaji wa Chini alipanda ngazi na shoka lake, macho mekundu, na kijana mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti: "Huyo si mzimu, huyo ni katuni!"

"Afadhali yule wa filamu ya kwanza aliyejipaka unga!" mwenzake akadakia, na kicheko kikazuka upya. Mtu mwingine alikuwa anakoroma, wala hakuna aliyejisumbua kumwamsha.

Mama Yowe, kwenye viti vya mbele, aliumia sana. Binti yake ndiye aliyeshika nafasi kuu katika filamu hii ya pili. Mara yake ya kwanza, baada ya miaka ya kuigiza mayaya na maiti. Ikichekwa leo, kesho anarudi kuwa maiti.

Na kiti cha binti kilikuwa kitupu. Hilo Mama Yowe alijilaumu mwenyewe. Walipokutana mlangoni alimkagua kuanzia juu hadi chini, akaguna.

"Viatu gani hivyo? Rudi nyumbani ukavae vile vyangu vyekundu. Ndivyo nilivyovaa siku filamu yetu ilipozinduliwa. Vina bahati vile."

"Mama jamani, nitachelewa."

"Si upande pikipiki! Mwambie akimbize."

Binti aliondoka amenuna, lakini aliondoka. Hakuwahi kumshinda mama yake kwa maneno.

Filamu ya kwanza ndiyo iliyompa Mama Yowe jina lake. Alipiga humo yowe ambalo watu hadi leo wameliweka kwenye simu zao. Lilivyopatikana kila mtu alijua, maana mwenyewe alikuwa akilisimulia redioni. Siku hiyo alikuwa ameshindwa kutwa nzima, analia kilio cha kuigiza tu. Mwongozaji walimwita Tena, kwa sababu hakuridhika kamwe na kitu kilichofanywa mara moja. Basi Tena alimsogelea, akapiga goti, akamshika mkono, akamnong'oneza: "Dada, jikaze. Mwanao amefariki."

Kamera zilikuwa zinanasa. Mtoto alikuwa kwa bibi yake, kalala fofofo. Mama Yowe alipoujua ukweli alimzaba Tena kofi hadi miwani ikaruka. Baadaye filamu ikavuma, jina likawa tamu, na kofi likageuka kichekesho cha kusimulia.

Sasa Tena alikuwa mzee wa mkongojo, na filamu hii ya pili ilikuwa yake pia. Kabla haijaanza alikuwa amesimama na Mama Yowe ukumbini, wanawatazama watu wakiingia. Alikuwa amewavalisha wafanyakazi kama wahusika wa filamu, mchimba kaburi, muuguzi, askari, wachomoke nyuma ya mapazia wawashtue watu. Hawakumshtua yeyote. Watoto walipiga nao picha. Chini ya pazia la filamu alikuwa amefunga kamera za kunasa nyuso za watazamaji, azitie kwenye matangazo.

"Watu wa siku hizi hawaogopi kitu, dada," alilalamika. "Ningepata yowe moja tu kama lile lako, ukumbi wote ungesimama."

"Koo limezeeka, kaka," Mama Yowe alimjibu. "Katafute mwingine wa kumdanganya."

Wakacheka wote wawili.

Na sasa, filamu ikiwa katikati, mlango wa pembeni ulifunguka. Tena aliingia amejiinamia, askari nyuma yake na mfuko mkononi. Mzee alipita kiti chake, akafika mbele ya Mama Yowe, akapiga goti kwa taabu. Akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Dada," alinong'ona, "jikaze. Mwanao amefariki."

Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama Yowe hakushtuka. Alibana midomo asicheke. Maneno yale yale! Na machozi juu yake. Kumbe mzee naye alikuwa amejifunza kuigiza. Mara ile alikuja peke yake, leo kaleta na askari kabisa.

Akaziangalia kamera, taa zao nyekundu zinawaka. Akaangalia juu kwenye pazia, binti yake anakimbia kwenye korido, na vijana wa nyuma wanamshangilia Mpangaji amkamate haraka watu waende nyumbani. Hapo ndipo alipomwelewa Tena. Kwa ajili ya mwanawe angefanya lolote, seuze kupiga yowe.

Akasimama, akashika kifua, akaliachia.

Lilipasua ukumbi. Aliyekuwa akikoroma alianguka chini. Wasichana walikumbatiana, vijana wa nyuma wakanywea, na mtoto mmoja akaanza kulia kweli kweli. Kisha mtu akamtambua. "Ni yeye! Ni Mama Yowe mwenyewe!" Watu wakainuka, safu baada ya safu, makofi, vigelegele, miluzi, huku uso wa binti umejaa pazia zima juu yao.

Mama Yowe aliinama kuwashukuru, mkono kifuani. Moyo wake ulijaa furaha. Filamu imeokoka, na mtoto hatarudi tena kulala kwenye majeneza ya watu. Akajifuta jasho na kumgeukia Tena, ambaye bado alikuwa amepiga goti.

"Umeona? Bado limo," alisema, akimgonga bega. "Na leo hupigwi kofi, ndugu yangu. Ila binti akija usimwambie ulivyonidanganya, anajua kununa yule."

Tena hakuinuka. Askari alisogea kwenye mwanga wa filamu, akafungua mfuko, akatoa kiatu kimoja chekundu.