Jinsi Netela Inavyovaliwa

Siku Gatiso alipokosekana, mvua ya Julai ilikuwa ikishuka kutoka mlima Entoto na barabara ya Shiro Meda ilikuwa matope matupu. Asubuhi mkewe, Aynalem, aligonga mlango wa mama mkwe wake, Mama Mamitu. Alisema mumewe alitoka jana kwenda kununua nyuzi na hajarudi.

Netela yake, ule mtandio mweupe wa pamba wanaotoka nao wanawake wa pale, ilikuwa imepanda juu ovyo, pindo la kijani limembana mashavu. Mama Mamitu alinyoosha mkono akaitengeneza, pindo likashuka begani, kama mtu anavyomfunga mtoto vifungo. Kisha wakatoka pamoja kumtafuta.

Walikwenda polisi, hospitali, stendi ya mabasi. Hakuna aliyemwona.

Gatiso alikuwa mfumaji kama baba yake. Alifuma akiwa amekaa ukingoni mwa shimo lililochimbwa kwenye sakafu ya karakana, miguu yake humo ndani, juu ya makanyagio ya mtambo wa kufumia. Mvua hazijaisha, Aynalem akalifukia shimo hilo na kulisakafia kwa saruji. Alisema maji yalikuwa yakijaa, watoto wa jirani wangetumbukia. Mama alilia siku hiyo. Aliuliza mwanawe akirudi atakaa wapi.

"Akirudi atachimba jingine, mama," Aynalem alimwambia. "Udongo si upo?"

Kilichobaki ni alama yake, kichwa kidogo cha tembo alichokifuma kwenye kona ya kila netela. Watu walikuja kutoka mbali wakiulizia "zile za tembo." Aynalem aliitaka alama hiyo kwa ajili ya duka lao. Mama aliitaka kwa ajili ya mwanawe, ili akirudi akute angalau kitu kimoja bado ni chake.

Mvua zilipokwisha na maua ya njano kuchanua milimani, wakala wao wa alama za biashara, Bwana Kifle, aliwaita ofisini. Ombi lao la kusajili alama ya tembo lilikuwa limerudishwa. Waliandika kwamba bidhaa yao ni "vitambaa vilivyofumwa," na msajili alitaka maelezo yaliyo wazi zaidi. Tena kulikuwa na mfanyabiashara wa soko la Merkato aliyeomba kichwa cha tembo kama hicho, kwa mavazi.

Kahawa ililetwa. Kifle aliwaeleza taratibu, kwa kuwa mama alikuwa mzito wa kusikia. Katika usajili vitambaa vina kundi lao, la ishirini na nne, na humo mna mashuka, mapazia na sanda. Mavazi yako kundi la ishirini na tano.

"Tukikosea kundi," alisema, "tembo wenu atabaki kulinda vitanda, na yule jamaa atamvalisha mji mzima."

Mama aliuliza kwa nini sanda imewekwa na mapazia, ilhali mtu huenda nayo mwilini.

"Maiti havai, mama. Anafunikwa."

Aynalem aliweka kikombe chake chini. Kahawa ilimwagika kwenye kisosi, akaifuta kwa kidole.

Shida, Kifle aliendelea, ni kwamba netela haina mkono, haina kola wala kifungo. Ukiikunja mezani ni shuka jepesi tu. Lazima waeleze jinsi inavyovaliwa, hatua kwa hatua, hata mtu wa ng'ambo asiyewahi kuiona aelewe kwamba ni vazi.

"Mimi najua mke wangu anavyoivaa," alisema. "Lakini sheria haimjui mke wangu."

Aynalem alicheka kidogo, akasimama. Alikuwa muuzaji hodari, na wateja walipenda kumwona akionyesha. Aliivua netela yake mwenyewe, akaikung'uta. Kwa sikukuu, alisema, pindo linaning'inia mbele, watu walione. Kanisani, ncha mbili zinapishana kifuani kama msalaba. Kila alichosema alikifanya, na Kifle aliandika bila kuinua kichwa.

"Na msibani?" Kifle aliuliza.

Mikono yake ilikwenda yenyewe. Aliigeuza netela juu chini, akaizungusha mara moja, na pindo la kijani likapanda likambana mashavu.

"Hivi. Pindo linakuja juu, karibu na uso. Ukimwona mtu hivi huna haja ya kumuuliza, kafiwa. Hata mtoto anajua."

Kifle aliweka kalamu chini, ameridhika. Kitambaa kinachotangaza hali ya mwenyewe, alisema, hakiwezi kuitwa shuka. Hilo ni vazi, na yule wa Merkato atafute mnyama mwingine.

Mama Mamitu hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, uliolala gotini. Aliutazama muda mrefu, kama bado umeshika pindo la asubuhi ile. Kisha akashika netela yake, akaigeuza polepole, akapandisha pindo hadi mashavuni.

"Mama, acha," Aynalem alisema kwa upole. "Usimtabirie mabaya. Gatiso hajafa."

"Mimi nakufuata tu, binti yangu," mama alisema. "Wewe ulitangulia."

Ombi limekubaliwa, kundi la ishirini na tano. Karakana imefungwa kwa sasa. Polisi wanavunja sakafu.