Harusi Chini ya Daraja

Kila majira ya baridi, kila nyumba mjini kwetu hutoa kumbukumbu za marehemu mmoja, zigeuzwe taa za mferejini zinazoonyesha kumbukumbu hizo. Anayetoa hamkumbuki tena marehemu huyo, na nyumba yake hupewa joto. Mwaka huu binti yangu Zuwena aliniahidi, "Mama, nitatoa mimi."

Jioni tukapanda boti kutazama. Chini ya daraja la tatu iliwaka harusi.

"Kitendawili!" akaita bwana harusi wa mwanga.

"Tega!" boti nzima ikaitikia.

"Kitu changu, lakini unakitumia zaidi wewe."

"Jina!" wakapiga kelele.

Mimi nisiyeshindwa vitendawili nilikuwa nikimkodolea macho bibi harusi. Alijitanda kanga ile ile niliyojifunga chini ya koti langu.

"Zuwena, yule bwana anaitwa nani?"

Akainama. "Mama, kumbukumbu zangu zilikataliwa, hazing'ai. Nikatoa zako, ukiwa umelala."

"Nimekuuliza jina lake."

"Shomari. Ni baba."

Nikafunga koti hadi shingoni.

Nyumbani kulikuwa na joto tele.

"Kitendawili, mama," Zuwena akanibembeleza kabla ya kulala, kama ilivyo ada yetu.

Sikumwitikia.