Fundi wa Dawati la Tatu

Wanafunzi walikuwa wametengeneza tovuti za bure, na Mwalimu Mkumbo akatoa sharti: ambayo haitapata mgeni kutoka nje kufikia Ijumaa, inafutwa. Ya Ndekwa, "Fundi Miavuli", bado ilisoma wageni sifuri.

"Mvua yenyewe haipo, dada," Sikitu, jirani yake wa dawati, alimtania. "Tangaza feni!"

Ijumaa mvua ikamwagika. Kengele ikikaribia, mlango ukagongwa. Akaingia mama mmoja, ameloa chapachapa, mwavuli umepinduka.

"Shikamoo, mama!" darasa zima likasimama.

"Marahaba. Fundi Ndekwa yupi? Simu inasema Darasa la Saba, dawati la tatu."

Mwalimu akachungulia kompyuta. Tovuti ilipouliza "Unapatikana wapi?", Ndekwa alikuwa ameandika pale pale alipokaa.

Darasa likaangua kicheko, mwalimu akiongoza. "Haya, fundi, mteja asimame mpaka lini?"

Ndekwa akachomoa sindano kwenye ukosi wa sare, kama afanyavyo baba yake, naye fundi miavuli. Sikitu akashika mpini bila kuombwa. Nje, mtu mwingine alikuwa akikatiza uwanja mbio, mwavuli umemgeuka, akisoma simu yake.