Kicheko cha Bwana Kipupwe

Siku hizi mwigizaji akiuza mhusika wake kwa kituo cha televisheni, anauza na kicheko alichompa. Haruhusiwi kukitumia tena, hata nyumbani, na televisheni husikia hata ikiwa imezimwa.

Mzee Sekiete alimwandika na kumwigiza Bwana Kipupwe mpaka mvi zikamjaa, ndipo akamuuza. Sasa mashine inamwigiza. Lakini kicheko kilikuwa cha Mzee mwenyewe, kile kinachokwama kooni kwanza, kisha kinafyatuka. Ndicho kilichomnasa mkewe, Bi Mwanakombo, enzi za mazoezi ya maigizo kwenye ukumbi wa reli, wakigawana muhogo wa kukaanga.

Jioni hii mchuzi ulizidi chumvi.

“Mke wangu, leo umetupikia bahari?”

Bi Mwanakombo alicheka hadi machozi. Mzee alibana midomo, mabega yakimtikisika.

“Cheka nawe, jamani! Tuko wawili tu.”

Mzee akaonyesha televisheni kwa kidole.

Mkewe akaiwasha. Bwana Kipupwe, kijana kama zamani, alikuwa akimtania muuza samaki. Kicheko kikakwama, kisha kikafyatuka. Bi Mwanakombo akatabasamu kama msichana wa ukumbini, akasogeza kiti karibu na skrini.

“Umechelewa leo,” Bi Mwanakombo akamnong’oneza Kipupwe.