Taa Inayomwogopa Fundi

"Imewaka," alisema Kornelia, na kabla dereva hajajibu alikwishachomoa penseli kilembani.

Ilikuwa taa ndogo ya njano, chini ya kipimo cha petroli. Ndani yake kulikuwa na mchoro. Dereva, mzee Joakimu, alisema ni jicho. Mafundi wa karakana walisema ni kikaango. Kitabu cha gari kilikuwepo, lakini wafadhili waliotoa gari walikileta katika lugha iliyomfanya hata meneja akirudishe kabatini kwa heshima.

Kornelia akaandika: *Jumatatu. Mlimani, baada ya Katesh. Vumbi. Dereva amepiga chafya mara mbili.*

Alikuwa ameajiriwa stoo kwenye shamba la ngano la serikali, mavuno yalipoanza. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba, na macho yake yangetosha madarasa mengine saba. Hapitwi na kitu huyu: ndivyo mama yake kule Nambis alivyowaambia watu, na Kornelia hakuona sababu ya kumbishia mzazi.

Kila asubuhi mzee Joakimu alimpakia Katesh wakapanda shambani. Mzee huyo alikuwa ameendesha trekta miaka kumi na miwili kabla ya kukabidhiwa gari hili, na pale shambani ni hili peke yake lililotumia petroli. Kombaini, matrekta, malori, vyote vilikuwa vya dizeli. Asubuhi za baridi lilikataa kabisa kuwaka, na vibarua walilisukuma huku wakilitukana kwa Kiiraqw na kwa Kidatoga, lichague lenyewe.

Siku ya kwanza Kornelia alipanda na kikapu magotini, kizito kwa chupa ya chai na viazi vya kuchemsha. Mzee akamwonyesha kishikio cheusi kilichochomoza chini ya dashibodi, kimeinamia miguuni.

"Tundika hapo, binti yangu. Hawa wazungu wanafikiria kila kitu."

Ila sasa mzee hakuwa na raha. Tangu mavuno yaanze gari lilikuwa linatoa moshi mweusi, na petroli ya wiki ilikwisha kwa siku tatu. Meneja alikuwa na maelezo yake: Joakimu anaiuza Katesh, na hiyo habari ya taa ni kisingizio. Alimpa mpaka Ijumaa. Fundi asipouona ugonjwa wa gari, mzee arudishe ufunguo aende kwao Tumati akalime.

"Kama petroli nimeuza," mzee alilalamika njia nzima, "huu moshi wote unatoka wapi? Navuta sigara mimi?"

Tatizo ni kwamba taa ilimwogopa fundi. Kila walipofika karakana, Kornelia aliruka chini na kikapu chake akaanza kuwamiminia watu chai. Hermani, fundi mkuu, alikuja akifuta mikono, akawasha gari, na taa kimya. Alifungua boneti. Alikagua fyuzi. Alisugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Jumanne aliliendesha mwenyewe hadi barabara kuu na kurudi. Hakuna taa, hakuna moshi.

"Inawaka Kornelia akiwemo tu," alisema Nicodemo wa matairi, mdomo umejaa kiazi. "Hiyo inataka uchumba."

Karakana nzima ikacheka. Kornelia hakuliandika hilo. Daftari lilikuwa la mambo ya maana.

Ijumaa mzee Joakimu alisimamisha gari mbele ya karakana bila kuzima injini, kama mtu aliyekuja kuaga. Kornelia hakushuka. Hakuwa na moyo wa kumimina chai.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Hermani aliinama dirishani, na hakuinuka. "Ee! Kumbe ipo kweli."

Taa ilikuwa inawaka, njano, bila aibu. Mzee Joakimu alifumba macho kama mtu aliyesikia jina lake likifutwa kwenye kesi.

"Usishangilie, mzee. Meneja atauliza inatokana na nini." Na meneja alikwisha kutoka ofisini, anakuja, mikono nyuma. Hermani alichomoa fyuzi hii akarudisha, akachomoa ile akarudisha. Taa ikamtazama tu. "Binti, lete hilo daftari."

Akasoma haraka haraka. Vumbi. Upepo. Punda barabarani. Chafya. Chafya.

"Jumatano hukuandika."

"Nilikuwa na homa, fundi. Sikuja kazini."

"Mzee, Jumatano taa iliwaka?"

Mzee Joakimu alifikiri. "Jumatano... hapana. Na moshi pia, sasa unaponiuliza, sikuuona."

Hermani alifunga daftari. Alimtazama Kornelia muda mrefu, kuanzia kilembani, akashuka taratibu mpaka magotini, akaishia hapo.

"Hebu nimiminie chai," alisema.

Kornelia alishangaa. Mtu anafukuzwa kazi, mwingine anataka chai! Lakini mkubwa akiomba, unampa. Akakitungua kikapu.

Kishikio cheusi kikarudi ndani chenyewe: tk. Injini ikatulia. Moshi ukakata. Taa ikazimika.

"Choki hiyo, ya kuwashia injini ya petroli wakati wa baridi," alisema Hermani. "Ikivutwa njia nzima, gari linakunywa petroli na kutoa moshi." Kornelia akakitundika kikapu tena, polepole.

Ikawaka.

"Haya," alisema meneja, akifika mlangoni. "Anayeliharibu gari amepatikana?"

Kornelia akanyoosha kidole juu, kama yuko darasa la saba.